Kofia ya Diwani Juu ya Lenta

Pwaa.

Tofali moja tu, lililotoka juu kabisa ya ukuta likatua ndani ya dimbwi, katika chumba ambacho siku moja kingekuwa cha kujifungulia. Mwanne Mihayo amesikia sauti nyingi katika miaka yake hamsini na miwili: honi ya treni ikiita kutoka Igalula, vichanga vikilia kwa mara ya kwanza, ngoma za harusi za siku tatu mfululizo. Lakini ukimwuliza habari ya wodi ya Isenga ilianzia wapi, haanzi na uchaguzi wala halmashauri. Anakunja midomo, anaitoa sauti ile, pwaa, halafu anakutazama kana kwamba umeshaelewa yote.

Utaelewaje bila kuambiwa? Basi twende taratibu.

Isenga ni kijiji cha kando ya reli, kati ya Igalula na Kigwa. Zahanati yake ina vyumba viwili, kimoja cha dawa na kimoja cha muuguzi Julieth kupimia wagonjwa. Pa kumlaza mzazi hapana. Mwanamke akishikwa na uchungu hupakiwa kwenye pikipiki, au kwenye mkokoteni wa ng'ombe kama pikipiki haipo, akapelekwa kituo cha afya, mwendo wa saa mbili wakati wa kiangazi. Masika, njia yote ni tope na Mungu ndiye dereva.

Wa kumsindikiza huwa ni Mwanne. Yeye ni mhudumu wa afya wa kijiji. Anapita nyumba kwa nyumba kuuliza nani ana mimba, nani ana homa, nani amemficha mtoto siku ya chanjo. Zamani aliuza asali na karanga kwa abiria pale stesheni ya Igalula, na ujuzi alioupata pale hakuuacha stesheni: kumwambia mtu maneno ya kumfanya anunue kabla treni haijaondoka.

Kwa ujuzi huo huo alizipitia kaya zote za Isenga, kila kaya akaitoza matofali thelathini ya kuchoma. Mwenye kusema hana, Mwanne aliketi mlangoni pake akaanza kumsimulia habari za wake za watu waliojifungulia njiani, kwa kirefu, bila haraka, mpaka mwenye nyumba akaona heri matofali. Ukuta wa wodi ukapanda kando ya zahanati. Ukafika lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha na milango, ukapata safu chache za matofali juu yake, na hapo ukasimama. Ndio utaratibu ulivyo: wananchi hujenga mpaka lenta, halmashauri huezeka. Jengo linalongoja hivyo huitwa boma, na wilaya imejaa maboma, mengine yameota miti ndani. La Isenga lilinyeshewa masika ya kwanza, likanyeshewa ya pili, na sasa ya tatu yalikuwa yameanza.

Ndipo kiti cha diwani wa kata kikawa wazi, ukaitishwa uchaguzi mdogo.

Waliosimama walikuwa wawili. Wa kwanza Erasmus, mkulima wa tumbaku mwenye trekta, mtoto wa Isenga kabisa. Wa pili Sabiri Pazi, mwenye mashine ya kusaga, wa kijiji cha Igunguli ng'ambo ya mto. Isenga hakukuwa na mtu aliyekuwa na shaka. Erasmus alikuwa na trekta, Erasmus alikuwa na sauti, Erasmus alikuwa wao.

Hapo Mwanne alifanya kosa lake.

Alipanda treni hadi Tabora mjini, akaingia duka la vifaa vya ujenzi la mzee Thabit, ambaye ukoo wake umeuza misumari na kamba pale tangu enzi za babu wa babu.

"Shikamoo, mzee Thabit."

"Marahaba, binti yangu. Rangi ya ndani ya nyumba au ya nje?"

"Ya nje. Nipe ile ambayo mtu akishaandikwa, hafutiki."

Mzee akainama chini ya kaunta akatoa kopo jekundu. "Hii hata uisugue kwa mchanga wa mtoni. Ila uwe na hakika ya unachokiandika."

"Hakika ninayo," alisema Mwanne.

Wiki mbili kabla ya kura, ukuta wa mbele wa boma ukasomeka, kwa herufi kubwa kama vitasa vya geti la jela: WODI YA WAZAZI YA MHE. DIWANI ERASMUS. Mwanne aliwaza hivi: mtu akiona jina lake ukutani ataona haya kuliacha linyeshewe. Erasmus alikuja akaliona, akacheka mpaka akajifuta macho, akapiga nalo picha akiwa amesimama, akiwa amechuchumaa, na akiwa juu ya trekta. Akaapa kwamba paa la boma ndilo litakuwa neno lake la kwanza barazani. Isenga ilishangilia hadi mbwa wakakimbia.

Kura zikapigwa. Asubuhi iliyofuata karatasi ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kata, na Kornel, mwenyekiti wa kijiji cha Isenga, akaisoma kwa kidole. Sabiri Pazi mia sita na thelathini. Erasmus mia sita na kumi na moja.

Kornel alirudia kusoma kutoka chini kwenda juu, labda ingekuja vingine.

Alasiri mvua ikanyesha. Mwanne alikuwa akirudi kutoka kwa mgonjwa, akajibanza kwenye mlango wa boma, khanga kichwani, akizitazama zile herufi nyekundu zikioga. Juu yake tofali likalegea. Pwaa. Maji ya dimbwi yakamrukia mpaka magotini, naye akasimama palepale, akijua kwa mara ya kwanza kwamba ukuta huu hautayaona masika ya nne.

*

Kornel alileta chokaa. Wakapaka mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kila ilipokauka, jina lilichomoza upya, sasa kwa rangi ya fizi za mtoto mchanga.

"Thabit alisema kweli," alinung'unika Mwanne.

Katikati ya wiki Julieth alitoka kwenye kikao cha wauguzi na habari iliyowatoa wote jasho. Halmashauri imetoa maelekezo: kila kata ilete boma moja tu la afya, liingizwe kwenye bajeti ya mwaka ujao. Baraza la madiwani litaketi baada ya wiki tatu. Na mwenye kulitaja boma ni diwani.

"Igunguli nao wana boma," alisema Julieth. "La zahanati. Halijafika lenta, lakini diwani ni wao."

"Basi tumekwisha," alisema Kornel, akimgeukia Mwanne. "Mama Amne, tutaenda kwa mtu huyu na uso gani? Adui yake tumemwandika ukutani!"

Mwanne alikuwa akichambua mchele. Mkono wake ukasimama juu ya ungo.

"Huyu Sabiri ni Mzaramo, eti?"

"Babu yake aliletwa na reli kutoka pwani, akabaki. Mzaramo wa Igunguli. Kwa nini?"

Mwanne aliuweka ungo chini. Macho yake yalikuwa yameanza kucheka kabla ya mdomo.

"Kwa sababu Mzaramo anaweza kuwa diwani, Kornel, anaweza kuwa waziri. Lakini kwangu mimi Mnyamwezi, hata afanye nini, ni mtani."

Kornel alipiga paja. Maana utani wa Wanyamwezi na Wazaramo ni wa njia ya misafara. Wapagazi wa huku walipofika pwani wamechoka na wanaumwa, wenyeji wa kule ndio waliowapokea, wakawauguza, na waliokufa wakawazika. Ukaribu ule umebaki mpaka leo na haki zake zote. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako. Anaweza kuchukua kitu chako akakuambia kikomboe. Wewe ukikasirika, aibu ni yako.

*

Jumamosi Igunguli ilimfanyia diwani wake sherehe. Ngoma mbili, pilau, na Sabiri Pazi mbele ya watu, kanzu nyeupe, kofia ya kazi ya mkono aliyoshonewa na dada yake wa Kisarawe. Isenga nzima ilibaki nyumbani ikiona haya. Walioenda ni Mwanne na Julieth, juu ya pikipiki moja.

"Mama, tukipigwa je?"

"Tukipigwa, wewe si muuguzi?"

Walipanga foleni pamoja na wapongezaji. Zamu ya Mwanne ilipofika, Sabiri alinyoosha mkono. Mwanne hakuutazama. Alinyanyua wake, akashika kofia, akaivua kichwani mwa mheshimiwa.

Ngoma zilikatika. Vijana wawili wenye fulana za kampeni walisimama. Kichwa cha diwani, ambacho hakikuwa na unywele hata mmoja, kilimeremeta mbele ya kata nzima.

"Mzaramo!" Mwanne akapaza sauti, moyo ukimwenda mbio kuliko pikipiki iliyomleta. "Nani amekuruhusu kukaa kiti cha Unyamwezi bila kuniomba mimi ruhusa?"

Bibi mmoja kwenye sufuria za pilau akaangua kicheko. "Mwacheni, jamani, mwacheni! Huyo ni mtani wake!"

Sabiri alijipapasa kipara. Taratibu uso wake ukafunguka.

"Kumbe ni nyie wabeba mizigo!" alisema. "Babu zako wametoka hapa na pembe mabegani, mguu kwa mguu mpaka pwani, wakalipwa shanga, wakarudi wanaimba! Nirudishie kofia yangu, mpagazi."

"Na babu zako waliwapokea, wakawalaza chini ya minazi, wakaamka mifuko mitupu! Halafu huyo wako akaletwa huku kukaza skrubu za reli. Akakaza moja, akamwona binti wa Kinyamwezi, akasahau zilizobaki. Ndiyo maana mpaka leo treni ikifika hapa inayumba!"

"Inayumba kweli!" mtu alipiga kelele nyuma, na uwanja mzima ukalipuka.

Sabiri alikuwa anafuta machozi. "Haya, mtani, nimeshindwa. Niikomboe kwa kitu gani? Sahani ya pilau?"

"Pilau nitakula, na kofia sirudishi. Nakwenda kuitundika Isenga, juu ya lenta ya boma la wazazi, palepale panapotakiwa kukaa paa. Ikinyesha, italoa. Hutaki iloe, unajua la kufanya. Na uje mwenyewe, kwa miguu, usitume mtu."

Kicheko kikapungua kwa upande mmoja. Wale vijana wa fulana walikuwa wameelewa maneno yanaelekea wapi. Mwanne aliyaona macho yao, akaketi, akala sahani mbili, maana mtani akichukua kitu akakimbia kabla ya kula, huyo si mtani tena, ni mwizi. Julieth hakuweza kumeza hata punje.

*

Kofia ilitundikwa kwenye ncha ya nondo iliyochomoza juu ya lenta. Mwanne aliifunika kwa kipande cha plastiki na kukifunga kwa uzi.

"Mama," alisema Julieth, "umemtisha mtu kwa mvua halafu umeivalisha koti?"

"Utani ni utani. Hiyo imeshonwa na dada yake."

Siku ya kwanza Sabiri hakuja. Ya pili ilinyesha. Ya tatu ikanyesha zaidi, matofali mawili yakaanguka, na Kornel akaanza kusema kwamba labda mheshimiwa amenunua kofia nyingine. Ya nne ilikuwa siku ya kliniki. Kina mama wa vijiji vyote viwili walikuwa wamejaa chini ya kibaraza cha zahanati, wakati mtu mmoja alipoonekana akija kwa kufuata reli, suruali imekunjwa, viatu mkononi, kichwa wazi.

Kwa ghafla kila mtu wa Isenga alikuwa na shughuli karibu na boma. Mmoja alitafuta kuku. Mwingine alifunga kamba ya mbuzi ambayo haikuwa imefunguka.

Mvua ilikuwa imeosha chokaa yote. Sabiri alisimama mbele ya ukuta akasoma kwa sauti, neno baada ya neno, kama mwalimu anayesahihisha.

"Wodi. Ya. Wazazi. Ya Mheshimiwa. Diwani. Erasmus."

Kornel alikohoa. "Hayo ni ya watoto, Mheshimiwa. Watoto wanachezea rangi."

"Watoto wa Isenga wana mwandiko mzuri," alisema Sabiri.

"Nimeandikisha mimi," alisema Mwanne. "Niliamini atashinda. Nimekosea kwa kura kumi na tisa."

Sabiri hakucheka. Aliingia ndani ya boma, akatazama matofali yaliyolala kwenye maji, akatazama juu kwenye kofia yake.

"Mtani," alisema, na sauti yake sasa ilikuwa ya mtu aliyekosa usingizi. "Utani tuliumaliza kwenye pilau. Sasa tuseme ya kweli. Nyie hapa mlinipa kura ngapi?"

"Arobaini na moja," alijibu Kornel, akitazama chini.

"Arobaini na moja. Igunguli walinipa karibu zote, nao wana boma lao. Nikisimama barazani nikataja Isenga, jioni narudi kulala kwa nani?"

Mwanne alikuwa na maneno mengi tayari, maneno ya stesheni, lakini aliyaacha, kwa sababu mtu huyu alikuwa amesema kweli. Wakati huo huo kengele ya shule ilikuwa imeshapigwa, na watoto wa darasa la pili walikuwa wanapita njiani na madaftari yao. Mwanne aliwageukia.

"Nzila!" aliita.

Watoto sita wakasimama kwa mpigo. "Abee!" "Naam!" "Abee!"

Sabiri aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Hakuhitaji kuelezwa: mtu wa huku anajua kwamba nzila, kwa Kinyamwezi, ni njia, na mtoto hupewa jina hilo akizaliwa njiani.

"Darasa moja," alisema Mwanne. "Mwalimu wao anawaita kwa namba. Nzila wa Kwanza, huyu, ni wa kwenye kivuko cha reli. Nzila wa Tatu ni wa kwenye mkokoteni. Nilimshikia taa mama yake kwa meno, mikono ilikuwa na kazi. Huyu mrefu ni wa kwenye tope la mto. Nilikuwepo kwa wote, mtani. Na wawili wengine wangekuwa darasa hili hili, sema hawakufika kupewa jina."

Aliyejibu si Sabiri. Ni mwanamke aliyekuwa amesogea kutoka kwenye foleni ya kliniki, mtoto mgongoni.

"Mheshimiwa, mimi naitwa Katarina. Ni wa kwako, wa Igunguli. Nilikupigia kura na nikacheza ngoma siku ile."

"Nakujua, mama. Mke wa seremala."

"Basi huyu wangu naye ni Nzila. Nilikuwa napelekwa kituo cha afya, pikipiki ikazima hapo nje usiku, zahanati imefungwa. Nimemzaa humu ndani, palepale ulipokanyaga."

Sabiri akaondoa mguu.

"Boma la kwetu ni la dawa," Katarina aliendelea. "Hata likiezekwa kesho, halina chumba cha kuzalia. Kuzaa tutapita hapa hapa. Waambie hivyo wale vijana wako wa fulana. Au niwaambie mimi, mmoja ni shemeji yangu."

Mwanne akapanda kwenye kizingiti cha dirisha, akaanza kufungua uzi wa plastiki ili amrudishie kofia, kwa kuwa aliona huruma.

"Iache," alisema Sabiri. "Sijaikomboa."

Akavaa viatu, akaondoka kwa njia aliyojia, na hakuna mtu Isenga aliyejua ameamua nini.

*

Mkutano wa baraza la madiwani mwananchi anaruhusiwa kuhudhuria, ila haruhusiwi kusikika. Mwanne na Julieth walikaa benchi la nyuma kabisa. Kata zilitajwa moja moja. Diwani huyu akaleta boma lile, yule akaleta hili. Mikono ya Mwanne ilikuwa imekunja ncha ya khanga mpaka imekuwa kamba.

Sabiri Pazi aliposimama, mwenyekiti wa baraza alimtazama juu ya miwani. "Mheshimiwa Pazi, leo umetujia kichwa wazi. Kofia imekwenda wapi?"

"Imetekwa, Mheshimiwa Mwenyekiti. Na Mnyamwezi."

Ukumbi ulicheka, na wenye watani wakacheka zaidi. Sabiri akatoa barua mfukoni, akaikunjua, akaanza kusoma. Ilikuwa barua ya Igunguli. Wanaomba boma lao. Wanakumbusha nani aliyempigia nani kura. Aliisoma yote, na mistari ilivyozidi kushuka ndivyo Mwanne alivyozidi kushuka kwenye benchi, mpaka Julieth akamshika mkono.

Sabiri aliikunja barua.

"Hiyo ni barua ya walionichagua. Niliahidi kuisoma na nimeisoma. Sasa nitaje boma." Akairudisha barua mfukoni. "Katika kata yangu, Mheshimiwa Mwenyekiti, kuna darasa lenye akina Nzila sita. Wa saba yuko mgongoni kwa mama yake, na mama yake ni wa Igunguli, kijiji changu. Alizaliwa ndani ya ukuta usio na paa. Kata yangu inaleta boma la Isenga, la wazazi. Lina jina la mpinzani wangu, kwa rangi isiyofutika. Nadhani mimi ni diwani wa kwanza kuombea paa jina la mtu niliyemshinda."

Meza zilipigwa. Mwenyekiti alilazimika kugonga nyundo. Mhandisi akaulizwa kama ukuta ulionyeshewa masika matatu bado unafaa. Mwanne akafumba macho. Mhandisi alisema amekwenda, ameugonga, ameupima. Safu za juu zirudiwe, uliobaki ni imara, umejengwa na watu waliokuwa na nia.

"Wanaoafiki?"

Mikono ikapanda. Mwanne hakuihesabu. Alijaza khanga mdomoni, akaiuma, machozi yakimtoka, akavumilia mpaka alipovuka mlango wa ukumbi na ngazi tatu za nje. Hapo akaiachia. Vigelegele saba, kimoja kwa kila Nzila, na waendesha pikipiki wa pale nje wakaanza kupiga honi bila kujua wanashangilia nini.

*

Kupitishwa ni jambo moja, mabati kufika ni jingine. Mwaka mpya wa bajeti ulianza Julai, ukapita Agosti. Kila Alhamisi Mwanne alikuwa ofisi za halmashauri akiuliza, mpaka mlinzi akawa anamwekea kiti. Kila Jumatatu alikuwepo Sabiri. Mashine yake ya kusaga ilisusiwa mwezi mzima na baadhi ya watu wa Igunguli. Waliirudia Katarina alipowauliza, mbele ya foleni ya kisimani, kama wao wenyewe watazaa kwa barua.

Mwisho wa Oktoba lori likaingia. Mabati ya buluu, yaking'aa mpaka mbuzi wakashangaa. Mbao zililetwa na trekta la Erasmus mwenyewe, ambaye alimvuta Mwanne pembeni.

"Mama Amne, nakuomba, nifutie jina. Nimepeleka tumbaku Urambo wananiita Mheshimiwa Ukuta."

"Rangi ya Thabit hiyo, baba. Vumilia lipu ipakwe."

Siku ya bati la kwanza Sabiri alifika kwa miguu. Mwanne alimkabidhi kofia, imefuliwa, imetiwa wanga, imesimama kama mpya.

"Mpagazi! Umenifulia? Basi utani umekuishia."

"Nimefua ili usinisingizie kwamba imenuka Isenga. Vaa, unatuumiza macho."

Lipu ilipokauka fundi wa rangi aliuliza aandike jina gani. Watu wote wakamtazama diwani, na diwani, bila kutaka, akanyoosha kanzu.

"Andika Wodi ya Wazazi," alisema Mwanne. "Ishia hapo. Majina tumekoma. Yatakayofuata yatazaliwa humo ndani."

Mvua ya kwanza ilikuja katikati ya Novemba, Jumapili mchana, kutoka upande wa Igalula, nyeusi na yenye kelele. Kijiji kizima kilikimbilia mahali pamoja. Walijazana humo wakiwa wamelowa, Katarina na mwanawe, Julieth, Kornel, watoto wakirukaruka kwenye sakafu mpya, na mvua ikayapiga mabati kwa nguvu hata watu waliokuwa wakizungumza sikio kwa mdomo wakayaachia maneno njiani wakabaki kucheka. Sabiri alikuwa ameishika kofia yake kwa mkono, kwa mazoea tu.

Mwanne alijipenyeza mpaka kwenye kona, mahali pale tofali lilipotua. Sakafu ilikuwa kavu. Aliweka kiganja ukutani, akainua uso kwenye bati, na kwa sauti ambayo yeye mwenyewe aliisikia kwa shida, akasema:

"Haya. Nyesha sasa."